Mraba nao ni mstatili: Ufafanuzi wetu wa maumbo una kasoro

Majuzi mpwa wangu aliniletea daftari lake la Kiswahili huku amekunja uso. Mwalimu alikuwa amewaagiza wachore mistatili miwili. Wa kwanza aliuchora mrefu kama mlango. Wa pili akaupa pande nne zinazolingana. Huo wa pili ulitiwa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, na kando yake pakaandikwa: “Huu ni mraba.”

“Lakini Mjomba,” akalalamika, “mwalimu wa hesabu alituambia mraba pia ni mstatili. Kwani hesabu ya Kiswahili si sawa na ya Kiingereza?”

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Mwalimu simlaumu, kwa kuwa alifunza alivyofunzwa. Ninachokosoa ni ufafanuzi tuliouzoea madarasani: kwamba mstatili ni umbo lenye pande mbili ndefu na mbili fupi, na kwamba mraba ni umbo lenye pande nne sawa.

Hebu tuupime. Msambamba ulioinama, yaani umbo ambalo kila jozi ya pande zinazoelekeana huwa sambamba, unaweza kuwa na pande mbili ndefu na mbili fupi. Je, nao ni mstatili? La. Tazama pia karata ya uru. Alama yake ni rombasi, umbo lenye pande nne sawa. Je, uru ni mraba? La hasha. Kumbe ufafanuzi wetu unakaribisha wageni wasioalikwa, na papo hapo unamfukuza mwenye nyumba!

Kinachokosekana ni pembe. Mstatili ni pembenne ambayo pembe zake zote ni za nyuzi 90. Basi. Urefu wa pande haumo katika sharti hilo. Mraba ni mstatili ambao pande zake zote zinalingana. Kwa hiyo kila mraba ni mstatili, lakini si kila mstatili ni mraba, kama ambavyo kila beberu ni mbuzi lakini si kila mbuzi ni beberu.

Najua watakaonipinga watakimbilia asili ya neno. Mstatili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kilichorefuka. Ni kweli. Hata Mgiriki Euclid, aliyeandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliutenga mraba na umbo refu lenye pembe kama zake. Lakini asili ya neno si pingu. Mraba lenyewe ni ndugu wa robo na arubaini, maneno yanayotokana na nne ya Kiarabu. Tukishikilia asili, kila umbo la pande nne lingeitwa mraba!

Wanahisabati wa leo waliuacha mpango wa Euclid kwa sababu nzuri. Ukishathibitisha kwamba katika msambamba mistari miwili inayounganisha pembe zinazoelekeana hukatana katikati, huna haja ya kuanza upya kwa mstatili, rombasi au mraba. Zote ni aina za msambamba na zimerithi sifa hiyo. Kanuni ya urefu mara upana nayo hutumika kwa mraba kwa kuwa mraba ni mstatili.

Jambo hili mafundi wetu wa ujenzi wanalijua vyema. Fundi akishapiga kamba za msingi na kuhakikisha pande zinazoelekeana zinalingana, hupima kutoka pembe moja hadi ile ya mkabala, kisha akapima kati ya zile pembe mbili zilizobaki. Vipimo viwili hivyo vikilingana, atakwambia nyumba “iko skwea”, hata kama ni ndefu kama bweni. Hamaanishi pande nne ni sawa. Anamaanisha pembe zimekaa sawasawa. Yeye hutazama sifa, ilhali sisi wa vitabu tumeganda kwenye sura.

Lugha nayo inadai uangalifu. Nimewasikia wengi wakisema, “Kila mstatili si mraba,” wakikusudia “Si kila mstatili ni mraba.” Kauli ya kwanza, ikichukuliwa ilivyo, inasema hakuna mstatili hata mmoja ulio mraba. Kaneno kadogo “si” kakihama mahali pake, hoja nzima inapinduka. Mwanafunzi anayefunzwa kuliweka neno hilo panapofaa anajifunza sarufi na mantiki kwa wakati mmoja.

Kwa nini niumie kichwa kwa maumbo? Kwa sababu katika baadhi ya shule za mijini, mtoto hukutana na maumbo haya kwa Kiswahili katika madarasa ya chini. Akifika Gredi ya Nne, hesabu inafunzwa kwa Kiingereza. Akikuta huko kwamba aliyojifunza awali yalikuwa na kasoro, hatasema ufafanuzi ulikuwa mbovu. Atasema Kiswahili hakifai kwa mambo ya kina. Mpwa wangu alikuwa tayari ameanza kusema hivyo.

Ilhali lugha hii haina upungufu wowote hapo. Tazama neno msambamba: limeundwa kutokana na sambamba, nalo linakutajia sifa ya umbo kabla hujalichora. Istilahi tunazo. Tulichokosa ni waandishi wa vitabu na wahariri wa kamusi kuketi na walimu wa hesabu kabla ya kuandika kuhusu pembenne.

Mpwa wangu nilimwambia hesabu ni moja, na mchoro wake ulikuwa sahihi. Kisha nikamwomba aende kwa mwalimu wake kwa adabu, akiwa na rula na daftari lake, amwombe wapime pembe zile nne pamoja.