Hongera, Pendo na Leah

Kusini-mashariki mwa Kwamsisi na Handeni kwetu Uzigua, huko Bagamoyo, kuna nyumba ambayo muziki wake haukuzimika. Ndiko walikokulia kisanaa Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Mzee Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyezungusha sauti ya ilimba (marimba ya vidole) na zeze duniani hadi alipofariki mwaka 2003.

Kwa desturi, wanawake wa Kigogo walipiga ngoma ya muheme, waliimba na kucheza. Zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume. Wanawake hawa, wajulikanao kama The Zawose Queens, wamevishika vyote. Mwaka 2024 walitoa albamu yao ya *Maisha* chini ya Real World Records, kampuni ileile iliyotoa kazi za mzee wao.

Ninachowapongezea si safari za ng'ambo. Ni kwamba hawakuugeuza urithi kuwa pambo la makumbusho. Wanatunga nyimbo mpya juu ya mizizi ya zamani, sauti zao zikipandana na kujibizana kama za kina mama wa Ugogo.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, wahenga walisema. Na sisi wa Uzigua tuna bibi zetu, na nyimbo zao nyingi bado hazijaingia kwenye kinasa sauti. Nani atavishika vyombo?

Hongereni, kina dada. Mmetuonyesha njia.