Kufuli la Kukesha: Android Ilivyopatana na Linux

Simu inayokesha ziwani na mvuvi wa dagaa, kusiko na umeme wa kuichaji, kisha ikatumika asubuhi kuulizia bei katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, imeweza kwa sababu imelala karibu usiku mzima na kuamka kila ilipopigiwa. Usingizi huo ndio uliozigombanisha Android na Linux, mradi mama iliokopa kerneli yake, yaani kiini cha mfumo. Wahandisi wa Google walibuni kufuli la kukesha: likishikwa simu hailali, likiachiwa inalala. Wasimamizi wa Linux hawakulikubali, na mwaka 2010, katika toleo la 2.6.33, mmoja wao, Greg Kroah-Hartman, aliondoa msimbo wa Android ambao haukuwa na mtunzaji. Kiendeshi, yaani msimbo wa kuendesha kifaa, kilichotegemea kufuli hilo hakikuweza kurudi kwenye mradi mama bila kuandikwa upya.

Naamini mapatano yalipatikana pale watu walipoacha kugombea msimbo wenyewe, wakauliza ulikuwa unatibu shida gani. Rafael Wysocki, msimamizi wa matumizi ya nishati katika Linux, aliiona shida ilipo: simu inayopigwa sekunde ileile kifaa kinaposinzia. Akaweka kihesabu cha matukio ya kuamsha. Programu inayosimamia usingizi husoma hesabu, tuseme 41, na kabla ya kuamuru kifaa kilale huirudishia kerneli namba ileile. Kama katikati hapo simu imeita, hesabu imeshafika 42. Kerneli inaikataa 41, na kifaa kinabaki macho. Mwaka 2012, katika Linux 3.5, akaongeza mafaili ya kushika na kuachia kufuli yenye majina yaleyale ya Android. Hitaji likaingia, umbo lake la ndani likabaki la Linux. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kazi ya kuzima programu kumbukumbu inapojaa: msimbo wake uliondolewa mwaka 2017, na kazi yenyewe ikahamia nje ya kerneli. Binder, njia ya programu kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, haikuwa na mbadala, hivyo ilikubaliwa kama ilivyo.

Wapo watakaosema soko la simu halisubiri miaka ya mabishano, na tawi, yaani nakala ya kerneli ambayo Android iliibadilisha yenyewe, ndilo lililoipa mwendo. Ni kweli, lakini mwendo huo ulikuwa wa mkopo. Mapema mwaka 2018 kasoro ya usalama ndani ya Binder ilizibwa katika Linux. Oktoba 2019, Project Zero, kikosi cha Google cha kusaka kasoro za usalama, kikatangaza kwamba kasoro hiyohiyo ilikuwa ikitumiwa kushambulia simu. Simu kama Pixel 2 na Redmi 5A zilikuwa bado nayo. Dawa ilikuwepo zaidi ya mwaka mzima, matawi ya simu hizo hayakuipokea. Kwa mfanyabiashara anayeweka fedha za samaki kwenye programu ya simu, hilo si suala la wahandisi peke yao.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Google kupatana na Linux hakumfikii mnunuzi, kwa kuwa mtengenezaji wa chipu naye ana tawi lake, na mwenye chapa ya simu ana lake. Kwa hiyo, kuanzia Android 12, simu zinazotoka na kerneli ya 5.10 au mpya zaidi zinatakiwa kutumia kerneli moja ya pamoja, viendeshi vya chipu vikipachikwa pembeni kama moduli. Huo ndio mpango ninaoutetea, ila umejengwa kwa kerneli za biti 64. Simu za bei ya chini zenye kerneli ya biti 32 zimeachwa nje, na kwa mwenye simu hiyo, Mwanza au Ukerewe, kila kiraka bado kinapita kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa mwenye chapa, kama wataamua kukipitisha.