Supu ya Kupe Ndani ya Mtungi

Bwana mifugo anapowaambia wafugaji wa Babati wakusanye ndama thelathini au arobaini ndipo aje kuchanja ndigana kali, wapo wanaodhani anatafuta posho nono. Hesabu hiyo si yake. Imetoka kwenye mrija mdogo wa plastiki wenye dozi za ndama wote hao, uliolala ndani ya naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Chanjo nyingi hubeba kijidudu kilichouawa au kudhoofishwa. Hii hubeba vimelea hai vyenye uwezo wote wa kuua. Ndama hudungwa vimelea na, papo hapo, sindano ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Dawa inaubana ugonjwa, mwili unajifunza kupambana nao. Njia hiyo ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na mchanganyiko unaotumika una aina tatu za vimelea: Muguga, Kiambu 5 na moja yenye asili ya Serengeti.

Kibarua kigumu ni kuvipata. Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, hukomaa kwenye tezi za mate za kupe, tena baada ya kupe kuanza kunyonya. Basi kupe wachanga hulishwa kwa ng'ombe aliyeambukizwa. Wakishajivua na kuwa wakubwa, huachwa wanyonye kwenye masikio ya sungura kwa siku nne hivi. Kisha huoshwa na kusagwa wazimawazima, rojo likachujwa. Naam, chanjo yenyewe ni supu ya kupe, na sijaona njia ya kulisema hilo kwa adabu zaidi.

Supu hiyo ikigandishwa ovyo, maji yaliyomo hugeuka vipande vikali vya barafu vinavyopasua vimelea. Ndiyo maana huongezwa glisaroli, takriban asilimia 7.5, na baridi huteremshwa polepole ili maji yatoke ndani ya kimelea kabla hayajaganda humo. Baada ya hapo tu ndipo mirija huzamishwa kwenye naitrojeni.

Wanaohifadhi lava wa Haemonchus contortus, mnyoo anayefyonza damu tumboni mwa mbuzi na kondoo, wanapita njia nyingine. Kwao glisaroli si lazima. Maji ya chumvi yanatosha. Ila lava wa hatua ya tatu hutembea ndani ya ngozi yake ya zamani, ambayo lazima avuliwe kwanza kwa haipokloraiti ya sodiamu, kiungo kilekile cha Jik. Akishavuliwa, hugandishwa na anaweza kuamka miaka mingi baadaye. Maabara inaweza hivyo kumlinganisha mnyoo wa zamani, aliyekuwa akifa kwa dawa, na mjukuu wake anayeicheka.

Lava wa maabara hasafiri. Chanjo ya ndigana husafiri, ndani ya mtungi kama ule wa wahimilishaji, na naitrojeni inapungua kila siku hata mtungi ukiachwa umefungwa. Chanjo ikifika zizini, mrija huyeyushwa, yaliyomo huzimuliwa na kuwekwa kwenye barafu, nayo hutumika kwa saa chache tu. Haigandishwi tena. Ndama wa thelathini na tisa akichelewa malishoni, dozi yake humwagwa.