Vitabu vya Adabu na Hamu ya Zamani

Vitabu vilivyowafundisha vijana jinsi ya kusalimu, kuketi, kupokea wageni na kwenda karamuni vimepata wapenzi wapya. Huko Marekani, kitabu cha Betty Cornell cha mwaka 1951, kilichowashauri wasichana namna ya kupendwa na wenzao, kilifufuka mwaka 2014, Maya Van Wagenen alipochapisha khabari za mwaka wa shule alioutumia kufuata mashauri yake. Waswahili nao wana hamu kama hiyo. Husemwa kwamba watoto wa zamani walikuwa na adabu, na tungo za wosia hutolewa kuwa ushahidi. Hamu hiyo si ya kudharauliwa, lakini yafaa ipimwe.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, naye mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mwenendo mwema. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert alimwandikia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman Utenzi wa Adili. Sasa, hakuna mzazi akatazaye jambo lisilotendwa. Amwonyaye mtoto juu ya maneno mengi amekwisha kuyasikia maneno hayo. Kwa hiyo wosia si picha ya adabu iliyoenea. Ni khofu ya mzazi kwamba adabu itazikwa pamoja naye. Tena adabu ile ina mipaka yake. Mwana Kupona humwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Anayeililia zamani yote hulilia na hilo pia, ajue asijue.

Wala adabu haikukaa vitabuni peke yake. Katika Lalago, wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu, kwenye nchi ya Wasukuma na pamba, mtoto hufunzwa kwa kusahihishwa papo hapo: asubuhi aseme mwangaluka, na binti apige goti mbele ya wakubwa. Hata ngomani, Bagika na Bagalu wanaposhindana mbele ya watu, yapo yapasayo na yasiyopasa. Mwanafunzi atokaye huko, akisoma utenzi wa Mwana Kupona, hukuta nyumba ya waungwana wa pwani, yenye udi na maua, isiyofanana na nyumba ya mama yake. Kama utenzi ungekuwa orodha ya kanuni tu, angeufunga na kuuweka kando.

Lakini haufungi. Kinachomshika ni mama aliyemwita mwanawe aje karibu na wino na karatasi, kwa kuwa siku zake zimebaki chache. Sauti hiyo humfikia hata mtu wa Lalago, maana naye amewahi kuitwa hivyo, ingawa kwa Kisukuma na bila ya karatasi. Hapo ndipo ubora wa tungo hizi ulipo: kanuni zake zaweza kuchakaa, lakini aliyeandikiwa anajulikana kwa jina, na aliyeandika atapata hasara mtoto akipotea.

Basi wanaotaka vitabu vya adabu vichapwe upya wasidhani kwamba kanuni zitatosha. Kabla ya kuwalaumu vijana kwa kutovisoma, na waulize ni nani leo anayewaandikia kama Mwana Kupona alivyomwandikia Mwana Hashima.