Kiboko wa Kulalia

Nilikuwa nimepeleka suruali ipunguzwe urefu, kazi ya robo saa. Nikabaki barazani mpaka jua likawa la utosini, kwa sababu fundi alikuwa amekwisha kumwanza kiboko na hakutaka kusikia habari ya suruali.

Hapa ni Kasansa, bonde la Ziwa Rukwa, Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Fundi ni mama wa makamo mwenye cherehani ya miguu aina ya Butterfly, ile ya Shanghai iliyofuata umbo la Singer, meza yake imechubuka kona zote. Kinachomlisha ni sare za shule. Lakini asubuhi ile mteja wake alikuwa mtoto wa mdogo wake, mvulana wa miaka mitano, aliyetaka pajama yenye kiboko wa Akili.

Wenye watoto wanamjua Akili. Ni msichana wa miaka minne katika katuni ya Akili and Me, inayotengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, walewale waliotuletea Ubongo Kids kwenye TBC mwaka 2014. Kwao ni chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala anaingia Lala Land, nchi ya ndotoni, anakokutana na rafiki zake: simba mdogo, komba na kiboko. Mvulana wetu humtazama kwenye simu ya baba yake, katuni zikiwa zimejazwa kwenye memori kadi. Hoja yake haikuwa na tundu. Kama Akili huwaona wanyama wake akishalala, basi kiboko ni wa nguo ya kulalia, si wa shati la kwendea gulioni.

Fundi alikubali, lakini nguo ya kulalia ina masharti yake. Shati la sikukuu hukaguliwa na macho ya watu, na fundi mjanja anaweza kuficha mengi kwa ndani. Pajama hukaguliwa na ngozi, gizani, saa nane au tisa mfululizo. Ndiyo maana alikuwa ameanza kwa kukilowesha kitambaa usiku kucha, kwa kuwa pamba hurudi ikikutana na maji, na heri irudi kabla ya kukatwa kuliko baada ya kuvaliwa. Kisha akakinyoosha kwenye mkeka, akavuta uzi mmoja wa pembeni mpaka ukachomoka, ufa wake ukamwonyesha mtande umelala wapi. Mguu wa suruali ukikatwa mshazari, alinieleza bila kuniangalia, baada ya kufuliwa mara tatu utajizungusha kwenye goti kama kamba.

Kupima nako kulinishangaza. Alimketisha mtoto kwenye stuli, akashusha futi kutoka kiunoni hadi pale kalio linapogusa ubao. Hicho ndicho kina cha suruali, na hakipimiki mtu akiwa amesimama. Nyuma akaongeza kama vidole viwili, kwa kuwa mtoto hulala amejikunja, na nguo iliyokatwa sawasawa mbele na nyuma humwacha mgongo wazi alfajiri. Kila mguu ulikatwa kwa kipande kimoja, hauna mshono wa ubavuni. Nilidhani anabana uzi. La: mtoto hulala kwa ubavu, na mshono wa ubavuni ungemwachia alama.

Hana mashine ya ovaloki. Anashona kila mshono mara mbili: kwanza anaunganisha vitambaa vikiwa vimegeuziana migongo, anapunguza kingo, anageuza, anashona tena, nyuzi zote zilizokatwa zikabaki zimefungiwa ndani kama kwenye bahasha. Ukipitisha kidole hukuti unywele hata mmoja. Kazi ni mara mbili, malipo ni yaleyale, naye halalamiki. Mimi ningelalamika.

Sehemu ya juu ilikuwa fulana ya shingo ya duara, mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Hapo hakuna la kusimulia.

Kiboko ndiye aliyekula asubuhi. Alimtazama kwenye simu, akaizima, akachora kwa kalamu ya risasi kwenye boksi tupu la sabuni: mwili, kichwa, pua, masikio mawili. Vipande vitano tu. Nikaona jambo ambalo miaka yote sikuwa nimeliona, kwamba mnyama wa katuni za namna hii tayari ni vipande vilivyounganishwa, kila kimoja na rangi yake moja, hakina vivuli wala manyoya ya kuhesabu. Lotte Reiniger, yule Mjerumani aliyemaliza mwaka 1926 filamu ndefu ya Prince Achmed iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, aliikata kwa mkasi. Watu wake walikuwa karatasi nyeusi zenye viungo. Wala hatuna haja ya kwenda Berlin. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, aliwapaka wanyama wake rangi bapa, wamejitenga na nyuma yao, na mwaka 2010 mtindo huo ukageuzwa katuni jijini Nairobi, Tinga Tinga Tales. Fundi wa Kasansa alikuwa anairudisha katuni mkasini.

Rangi ya kwenye simu hakuwa nayo. Alikuwa na vipande vya kijivu vilivyobaki kwenye sare. Mtoto akanuna kidogo. Fundi akamuuliza, wale wa mto Katuma wana rangi gani? Hifadhi ya Taifa Katavi haiko mbali, na kiangazi kikikaza mto ule hukauka, viboko wakasongamana kwa mamia kwenye madimbwi yaliyosalia. Mtoto hajawahi kuwaona, ila amewasikia wakisimuliwa vya kutosha. Akakubali kijivu. Fundi akaongeza kipande cha waridi kutoka kwenye kanga iliyochakaa, akakiweka ndani ya masikio, na ni kweli kiboko ana wekundu masikioni na kuzunguka macho.

Mashine yake inashona mstari ulionyooka tu, haijui kwenda upogo wala kufunika ukingo wa kitambaa. Kwa hiyo kila ukingo lazima ukunjwe kwanza, na kukunja ukingo wa duara bila kupata pembe ni mtihani. Alipitisha uzi wa mkono kuzunguka kipande cha kitambaa, akaweka kile cha boksi katikati, akavuta uzi. Kitambaa kikafumba kama mdomo wa mfuko. Akakandamiza kwa pasi ya mkaa, akahesabu kimoyomoyo, akachomoa boksi. Duara likabaki, safi kama sahani.

Kwenye mwili wa kiboko miguu yake ilikwenda taratibu juu ya kanyagio, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayetembea na mwenzake mgonjwa. Alipofika masikioni aliishusha miguu chini kabisa. Akashika gurudumu kwa mkono wa kulia, akalizungusha tundu kwa tundu. Sindano ikiwa imezama, ananyanyua mguu wa mashine, anageuza nguo kidogo, anaushusha, tundu moja, ananyanyua tena. Sikio moja, lenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba, lilichukua muda mrefu kuliko mguu mzima wa suruali. Nilijaribu kusema neno wakati huo, nikanyamazishwa kwa kidole.

"Mama mkubwa, hana pua," mtoto akasema.

"Pua inakuja, baba. Pua ni ya mwisho."

Macho aliyadarizi kwa mkono, uzi mweusi. Nilimpendekezea vifungo, vingeng'aa. Akanitazama kama mtu aliyependekeza kumlaza mtoto na kisu. Kifungo kikilegea usiku huishia mdomoni. Kisha, mafundo ya uzi wa macho yakiwa yamejitokeza kwa ndani, akakata kiraka kidogo cha pamba laini, akakishona juu yake, ili kisikwaruze kifuani. Kiraka hicho hakitaonwa na mtu yeyote isipokuwa atakayefua.

Madukani zipo pajama zenye katuni za kubandikwa kwa moto. Picha hung'aa wiki mbili, halafu hupasukapasuka kama tope la mbuga, na usiku wa joto hunata kwenye ngozi. Zinanunuliwa, na sielewi kwa nini.

Mpira wa kiunoni aliukata sentimita nne pungufu ya kiuno, akaupitisha kwa pini, akaulaza mwisho juu ya mwanzo na kuufunga kwa mshono wa mraba. Akaipindua nguo nzima nje ndani. Nilitegemea amwite mtoto ajaribu. Badala yake aliichukua, akafumba macho, akaipitisha mishono yote shavuni, mguu wa kwanza, wa pili, makwapa, shingo. Penye bega alisimama. Akarudi nyuma kidogo, akatafuta kwa ncha ya kidole, akakata kijiuzi ambacho mimi sikukiona hata alipokuwa amekishika.

Mtoto akapokea, akakimbia nayo ndani. Nikakohoa, nikaikumbushia suruali yangu.

"Njoo Jumanne," akasema.