Kumrudisha Sangala Ziwani Kuna Namna Yake

Sangala wa urefu wa kiganja akinaswa kwenye majani ya majini, karibu na ufuko wa Rumonge, hakuna la kujadili: arudi. Ziwa Tanganyika lina aina nne za jamii hii, mukeke akiwemo, ambazo hazipatikani kwingine duniani, na zile tatu kubwa hukulia humo majanini kabla ya kuhamia kilindini. Mvuvi wa kujiburudisha anayesimama ufukoni hukutana na watoto kuliko wazazi. Alowanishe mikono kwanza, maana mkono mkavu hukwangua ute unaomkinga samaki. Amchomoe ndoana kwa koleo akiwa bado majini. Ikiwa ameimeza, mshipi ukatwe karibu na mdomo, asivutwe matumbo.

Akitolewa mita 30 chini, habari ni nyingine. Huko mgandamizo ni kama mara nne ya ule wa juu, hivyo hewa iliyomo kibofuni mwake hutanuka mara nne anapopandishwa, wala hana njia ya kuitoa haraka. Macho yanamtoka, tumbo linamjia mdomoni. Ukimtupa hivyo ataelea ubavu, na utakuwa umemlisha furukombe tu. Dawa ni chubwi zito na ndoana iliyosagwa kijino. Mshipi hufungwa kwenye pindo la ndoana, chubwi kwenye tundu lake, ili ncha itazame chini. Ipachike kwenye mdomo wa samaki, mshushe taratibu hadi kina alikotoka, kisha vuta mshipi kwa ghafla: ndoana inachomoka, naye anabaki huko. Kumtoboa kibofu kwa sindano, kama wengine wanavyofanya, mimi sikushauri. Wengi hutoboa kisichohusika.

Kuhe, mkubwa kuliko wote katika ukoo wa sato, havumilii kipimo cha rula. Dume na jike hulinda maelfu ya vifaranga kwa pamoja. Ukiwaona wamesimama juu ya wingu la vifaranga, anayeachwa hapo ni mkubwa.

Ndagala, yaani dagaa, je? Huyo harudishwi na mtu. Wavu ukishainuliwa chini ya taa, wengi wamekwisha, pamoja na mukeke wachanga waliochanganyika nao. Uamuzi wake hufanyika mapema, kwenye macho ya wavu na kwenye kalenda. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Adabu nayo: usirushe mshipi juu ya nyavu za watu, wala usisogeze mashua usiku kwenye taa ya mwenzio, kwani mwanga ule ameugharimia. Na kupiga picha kwa mbwembwe na samaki anayetapatapa, kisha kumtupa mbele ya watu waliokuja kutafuta kitoweo, ni ufidhuli. Mdogo mrudishe kimyakimya. Mkubwa aliyejeruhiwa vibaya, asiyeweza kupona, mpe mtu akapike.