Msimulizi Mwenye Akili Timamu

Wenzangu waandishi chipukizi, kabla sijasema lolote naomba nikiri kosa langu. Hadithi ya kwanza niliyoandika nikidhani nimekuwa mwandishi iliishia na maneno "kumbe nilikuwa nimerukwa na akili". Niliona nimepatia kweli kweli. Leo nimepewa kazi ya kusoma miswada ya wenzangu, na kati ya hadithi saba za kutisha zilizonifikia, nne zina mwisho uleule. Kijana anaona mzimu ufukweni Kirumba, anakimbia, anapiga kelele, anasikia sauti kichwani, halafu ukurasa wa mwisho anaamka wodini amefungwa kamba. Kumbe!

Hiyo "kumbe" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwendawazimu anayepiga kelele hamdanganyi mtu. Hata watoto wa Makoroboi wanamjua wakimwona tu, wanapisha njia. Wa kuogopwa ni yule anayekaa chini, anakunywa maji, anakueleza kwa mpangilio, na ukimaliza kumsikiliza unatikisa kichwa unasema, "Kwa kweli hata ningekuwa mimi."

Bingwa wa msimulizi wa aina hiyo ni Mmarekani Edgar Allan Poe, aliyezaliwa 1809 akafa 1849. Mimi nilimsoma sekondari katika kitabu kisicho na jalada, kamusi mkononi, na hadithi iliyonikaa ni ile ya moyo unaosema, iliyochapishwa 1843. Msimulizi hana jina. Anaishi na mzee mmoja, na anatuambia wazi kwamba anampenda. Mzee hajamkosea, wala hana tamaa na mali yake. Shida ni jicho. Mzee ana jicho moja la buluu iliyofifia, lenye utando, na kila likimwangalia damu inamsisimka. Basi anaamua kumuua ili aepukane na jicho. Usiku saba mfululizo anafungua mlango wa chumba cha mzee polepole, saa nzima kuingiza kichwa tu, na kila akikuta jicho limefumba anarudi kulala, kwa sababu ugomvi wake si na mzee. Usiku wa nane mzee anaamka, na jicho limefunguka.

Angalia hapo Poe anavyofanya. Hatuambii huyu ni chizi. Anamwacha ajitetee mwenyewe, na utetezi wake mzima ni huu: mwendawazimu angewezaje kuwa mwangalifu namna hii? Kadiri anavyoonyesha utaratibu, tahadhari na subira, ndivyo unavyozidi kutaka kutoka chumbani. Na kuna kitu kidogo ambacho mara ya kwanza nilikiruka: anapotaja sababu ya kuua, hana hakika nayo. Anaitafuta huku anasema, kisha anaishika ile ya jicho kama mtu aliyepapasa gizani akashika kitasa. Uamuzi ulitangulia, sababu ikafuata. Mwaka huohuo Poe alitoa hadithi nyingine, ya paka mweusi, na humo mlevi anaanza kwa kumng'oa paka jicho kabla hajafika kwa mkewe. Jicho tena.

Wataalamu wana jina kwa msimulizi wa namna hiyo. Mmarekani Wayne Booth alimwita, katika kitabu chake cha 1961, msimulizi asiyeaminika. Sisi darasani hatukufundishwa hivyo. Tulifundishwa fani na maudhui, dhamira kuu na dhamira ndogondogo, halafu "mwandishi anatuambia kuwa". Kila anayesema "mimi" kwenye kitabu alikuwa mwandishi, na kila alichosema kilikuwa ujumbe. Tulipata alama nzuri tu kwa namna hiyo, lakini tulijifunza kumwamini kila anayetusimulia.

Ushahidi? Chukua Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili 1929 kutoka kitabu cha Rider Haggard cha 1885. Nani kati yetu hakukisoma? Msimulizi ni mwindaji Allan Quatermain, mtu mzima, mtulivu, na humo tulikutana na Gagula: bibi kizee amejikunja, anatisha, hana hata chembe ya huruma, mwisho anapondwa na mlango wa jiwe na sisi tunashangilia. Hakuna aliyetuuliza Quatermain amejuaje hayo yote kuhusu yule bibi, na alikuwa amefuata nini nchini mwa watu (alikodishwa kumsaka mtu aliyepotea akitafuta almasi). Tulitoka darasani tukawa tunamwita Gagula kila bibi aliyepinda mgongo. Bibi wa jirani yetu aliitwa hivyo na watoto wote, mimi nikiwamo.

Sasa nije nyumbani. Nilikuwa na miaka kama tisa, kijijini upande wa Magu, wakati mjomba mmoja wa ukoo (simtaji) alipotusimulia jioni, kando ya moto, jinsi bibi mmoja wa kijiji cha pili "alivyomalizwa". Alisimulia kwa utulivu. Ng'ombe wawili walikufa. Kisha mtoto akashikwa na homa. Wakaenda kwa mganga, mganga akasema ni mtu wa karibu, mwanamke, mzee. Wakatazama, wakaona macho yake ni mekundu. Vijana wakatafutwa. Mjomba aliunganisha kitu na kitu kama fundi anayepanga matofali, na alipofika kwenye panga nilikuwa nimeshakubaliana naye. Sikuogopa hata kidogo. Niliona haki imetendeka.

Msomaji wa Usukumani anajua kwamba simulizi hii haikuwa ya mjomba peke yake. Kwa miaka mingi, Mwanza na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakawa ndiyo ushahidi. Macho hayo yanatoka wapi? Nenda jikoni kwa bibi yako ukakae nusu saa. Miti imekwisha, tunapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Mwanamke aliyepuliza moto huo miaka hamsini atakuwa na macho ya rangi gani? Alipikia kijiji, kijiji kikamsoma machoni. Na ilipofika 2007 na miaka iliyofuata, wenzetu wenye ualbino walipoanza kuwindwa huku Kanda ya Ziwa, simulizi zilitungwa kwa fundi yuleyule: utulivu, sababu, hesabu, mteja.

Ndiyo maana nasema hadithi ya Poe si ya kizungu kwetu. Mtu anaua mzee kwa ajili ya jicho, kisha anatueleza kwa upole kwamba yeye ni mzima. Tofauti ni kwamba msimulizi wa Poe alikuwa peke yake. Askari watatu wanapofika, anaweka kiti juu ya mbao zilizofunika maiti, anapiga nao soga, hadi mapigo ya moyo (wa nani? nadhani wake mwenyewe) yanamfanya akiri. Mjomba wangu hakusikia mapigo yoyote. Alikuwa na wasikilizaji wanaotikisa kichwa.

Katika fasihi yetu, aliyekaribia zaidi kuandika mtu wa namna hiyo ni mwana wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo 1944 na kufariki 2020. Simaanishi Nagona (1990) wala Mzingile (1991), ambamo anayesema "mimi" anatangatanga mpaka msomaji hajui kipi ndoto na kipi macho. Hizo ni za siku nyingine. Namaanisha Kichwamaji, ya 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ana akili, ana maneno. Manase, Mkuu wa Wilaya na rafiki yake wa utotoni, amempa mimba ndugu yake Rukia. Rukia anakufa, mama naye anakufa. Hadi hapo tunalia naye. Kisha Kazimoto, kwa utulivu, anapanga kulipiza kwa Sabina, dada wa Manase, ambaye hakufanya lolote. Si hesabu ileile ya kando ya moto? Uchungu ni wa kweli, anayelipishwa siye.

Wahakiki wetu husema riwaya hii ni ya udhanaishi, kwamba Kezilahabi anatuambia maisha hayana maana. Sikatai kwamba Kazimoto anasema hivyo. Ninachouliza ni kwa nini tumwamini. Baadaye anamwoa huyohuyo Sabina, maradhi na balaa vinaifuata nyumba, mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na Kazimoto anajiua. Yule "mimi" aliyetusimulia kurasa zote amekufa, na sisi bado tunanukuu mawazo yake kwenye mtihani kama mausia. Na Sabina? Tunamjua kwa kinywa cha Kazimoto tu.

Mambo yanaweza pia kugeuka. Charlotte Perkins Gilman, mwaka 1892, aliandika hadithi ya mwanamke aliyejifungua, ambaye mumewe daktari anamweka chumbani apumzike na kumkataza kuandika. Anaona mwanamke mwingine nyuma ya karatasi ya njano ya ukutani. Huyo amepotewa na akili kweli, na bado tunamwamini kuliko daktari. Kwa hiyo mizani si ugonjwa.

Mwaka juzi nilimsimulia bibi yangu hadithi ya Poe, kwa Kisukuma changu cha mjini kinachomchekesha. Bibi macho yake ni mekundu. Safari moja kabla ya hapo alikuwa ameniagiza miwani myeusi kutoka Mwanza, akasema jua limekuwa kali. Mimi nikanunua bila kuuliza, na nikaambiwa baadaye kwamba anaivaa hata kwenye misiba ya jioni. Alisikiliza hadi mwisho. Sikupata kicheko wala mshangao. Akauliza, "Na yule mzee, yeye alisema nini?"

Nilirudi kitabuni kutazama. Mzee anauliza mara moja tu ni nani aliyepo pale gizani, na hajibiwi. Baada ya hapo ni ukelele mmoja.

Kati ya ile miswada saba, mmoja unamhusu bibi kizee wa Sengerema, na msimulizi ni kijana aliyekodishwa. Ndio bora kuliko yote. Nimemrudishia mwandishi, nikamwomba aifute ile "kumbe" ya ukurasa wa mwisho, amwache kijana aendelee kueleza panga alilinoa wapi na alilipwa nini, na bibi apewe walau sentensi mbili. Akanijibu kwa barua kwamba akiifuta, wasomaji watadhani yeye mwandishi anakubaliana na muuaji. Nimemwambia alete hivyohivyo.